Tanga, Henza na Demani: Habari za Mtu Aliye Peke Yake Chomboni, na Njia Iliyoleta Maneno ya Bahari Milimani Kwetu



Huenda mmoja wenu akaufikia ukurasa huu, akaona maneno ya tanga, henza na demani, akacheka moyoni mwake na kusema, "Kimisagara na tanga, wapi na wapi?" Naye hatakuwa amekosea. Mji wetu umekaa milimani, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Maji tuyaonayo kila siku ni ya mto Nyabugogo, ambao haujapata kubeba jahazi. Hata huko ziwa Kivu, wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakashusha wavu usiku kwa mwanga wa taa ili kuvua sambaza. Na desturi yao ni makasia na nyimbo, wala hawatumii tanga.

Lakini shuka asubuhi moja mpaka kituo cha mabasi cha Nyabugogo, usikilize wale wanaosema Kiswahili. Mmoja anauliza nauli ni kiasi gani. Mwingine anaita abiria. Wa tatu anapakia shehena, na dereva amekwisha shika usukani. Ndugu yangu, maneno hayo yote manne ni ya baharini. Nauli tumeipokea kwa Waarabu, nayo kwao ilikuwa malipo ya kuchukuliwa chomboni. Na kabla yao Wayunani walikuwa na neno la namna hiyo kwa maana hiyo hiyo. Abiria ni mwenye kuabiri, yaani mwenye kuvuka maji. Shehena ni mzigo uliojaza chombo. Usukani ni ule ubao wa nyuma unaokiongoza chombo njiani, kabla haujawa gurudumu la mkononi mwa dereva. Basi tumekaa barani na huku ndimi zetu zimo majini. Ni wajibu wetu kujua maneno haya yametoka wapi, na ni watu gani waliyachukua mpaka hapa, na kwa gharama ya nani.

Habari za vyombo vya pwani ni za zamani sana. Katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa, mfanyabiashara mmoja wa Kiyunani aliyekaa Misri aliandika kitabu cha kuwaongoza wenye vyombo katika bahari hii, akataja mji wa pwani ya Afrika ya Mashariki uitwao Rhapta, akasema kuwa jina hilo limetokana na vyombo vyake vya kushonwa. Vyombo vya kushonwa havikuisha upesi. Mtepe wa Lamu na visiwa vya jirani ulikuwa wa namna hiyo: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, wala haukupigwa misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka mkubwa wa mraba uliosukwa kwa majani. Mtepe ulitoweka katika karne iliyopita. Mfano wake uliundwa upya na kuwekwa Unguja katika jumba la Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka mwezi wa Desemba 2020.

Baada ya tanga la mkeka likatawala tanga la pembe, ambalo ndilo tulionalo hata leo kwenye jahazi, dau, mashua na ngalawa. Tanga hili halining'inii katikati ya mlingoti kama bendera ya mraba. Limeshonewa kwenye mti mrefu uitwao foromali, na foromali hupandishwa juu ya mlingoti kwa mshazari, ncha moja ikielekea chini mbele na ncha ya pili ikipaa nyuma. Kwa umbo hilo chombo huweza kukaribia upepo unaotoka ubavuni na hata kidogo mbele, jambo ambalo tanga la mraba halifanyi kwa wepesi. Nguo yake kwa miaka mingi ilikuwa marekani, ile pamba nzito iliyopewa jina la nchi ilikotoka.

Na sasa ni lazima nieleze majina, kwa kuwa asiyejua jina la kamba hawezi kuamrishwa kuivuta. Kamba inayopandisha foromali huitwa henza. Pembe ya tanga ya mbele huitwa joshi, na wengine hutamka goshi. Hiyo hufungwa kwenye omo, yaani mbele ya chombo. Pembe ya nyuma hushikwa kwa kamba iitwayo demani, nayo huletwa tezini, yaani nyuma, alipo mwenye usukani. Katika vyombo vikubwa zipo kamba nyingine za kuituliza foromali isiyumbe, kama vile hamarawi. Mti wa kushikia usukani huitwa kana. Tena mabaharia huupa kila ubavu wa chombo jina kwa kufuata tanga: upande unakotoka upepo ni joshini, na upande unakokwenda ni demani. Neno hilo la demani ni jina la majira pia, majira ya pepo laini za mwisho wa kusi.

Pepo zenyewe ndizo zilizofanya historia yetu. Kaskazi huvuma kutoka upande wa Bara Arabu na Bara Hindi tangu mwisho wa mwaka mpaka kiasi cha mwezi wa Machi; kusi huvuma kutoka kusini tangu Aprili na kuendelea. Kwa kaskazi vyombo viliteremka Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Kwa kusi vilirudi kwao. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa katika mwaka 1331 alikuja kwa njia hiyo, akakuta miji ya Waislamu yenye misikiti. Na katika msimu wa 1938 na 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika chombo cha Kuwait kiitwacho Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, kutoka Aden mpaka Unguja na delta ya Rufiji walikokwenda kukata boriti. Aliandika aliyoyaona katika kitabu kilichotolewa mwaka 1940. Katika chombo kama hicho kutweka tanga ni kazi ya kundi la wanaume wanaoimba na kuvuta kwa pamoja, na kulipindua tanga kubwa ni jambo la amri, kelele na jasho la wengi.

Habari za jahazi kubwa zimeandikwa sana. Mimi nataka kumtaja yule asiyeandikwa, mtu mmoja katika ngalawa yake.

Ngalawa ni gogo lililochongwa, aghalabu la mwembe, nyembamba kiasi kwamba ingepinduka mara moja kama isingekuwa na matengo, yaani miti iliyokingama na kushika ubao wa kuelea kila upande. Wataalamu wengi wanaona kuwa ufundi huo wa matengo mawili una asili moja na vyombo vya visiwa vya Indonesia, ambako watu wake walivuka bahari zamani wakafika Bukini. Ngalawa huendeshwa vizuri na watu wawili au watatu: mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye demani, na mwingine wa kutoka nje kwenye matengo ili uzito wake uzuie chombo kulala upepo ukizidi. Lakini riziki haisubiri watu watatu. Mara nyingi mvuvi huamka peke yake, kwa sababu mwanawe mgonjwa, au mwenzake amekwenda shamba, au hana wa kugawana naye samaki wachache. Hapo mtu mmoja huwa nahodha, baharia na mzigo wa kusawazisha chombo.

Afanyeje? Kwanza hujifunza saa. Alfajiri upepo wa nchi kavu, uitwao umande, humtoa pwani. Alasiri upepo wa baharini humrudisha. Aliye peke yake hashindani na upepo ikiwa anaweza kuungoja. Pili huchagua tanga dogo kuliko lile ambalo watu watatu wangelitweka. Tanga la pembe, katika desturi ya pwani, halina namna nyepesi ya kupunguzwa likiwa juu. Chombo kikubwa hubeba matanga zaidi ya moja, kubwa na dogo, na kubadili kwake ni kushusha moja na kufungia jingine. Mtu mmoja hawezi kufanya hivyo katikati ya mawimbi. Kwa hiyo hukumu huifanya akiwa bado mchangani, na anayeikosea huilipia maji yakiwa marefu.

Tatu, kabla ya kutweka huzipanga kamba. Henza iwe imekunjwa vizuri ili iweze kufunguka kwa mkupuo mmoja. Joshi liwe limefungwa imara kwenye omo. Demani iwe huru, haikukwama wala haikupita chini ya ubao wala kuzunguka mguu. Huielekeza omo kwenye upepo, kisha hupandisha foromali mkono baada ya mkono. Wakati huo tanga hupigapiga hewani bila nguvu, na hivyo ndivyo litakiwavyo kuwa. Akivuta demani kabla henza haijafungwa, tanga litashika upepo na chombo kitaondoka kikiwa hakina mtu kwenye usukani. Henza yenyewe hufungwa upande wa joshini, ili pamoja na kushika foromali iutegemeze mlingoti dhidi ya upepo. Ikifungwa upande wa pili, mlingoti hukosa msaada.

Kisha hurudi tezini, akakaa, kana ikashikwa kwa mkono mmoja, au kwa paja na kwapa mikono ikishughulika. Ndipo huvuta demani polepole mpaka tanga linyamaze na chombo kianze kwenda. Na hapa ipo kanuni iliyo kubwa kuliko zote kwa mtu aliye peke yake: demani haifungwi fundo. Huweza kuzungushwa mara moja kwenye mti ili kuupumzisha mkono, lakini ncha yake lazima ibaki mkononi. Upepo wa ghafula ukipiga, mkono huachia, tanga humwaga upepo, chombo huinuka. Demani iliyofungwa fundo haina huruma. Chombo hulala, ubao wa matengo huzama, na kabla fundo halijafunguliwa maji yamekwisha kuingia. Wenye ngalawa wengi waliopinduliwa hawakupinduliwa na dhoruba kubwa. Walipinduliwa na pigo moja la upepo lililowakuta wamefunga demani ili wapate kutia chambo au kuchota maji ya ngama.

Ugumu wa mwisho ni kupindua tanga, yaani kubadili ubavu. Chombo cha tanga la pembe kikitaka kubadili njia hakipendi kupitisha omo kwenye upepo. Hugeuza tezi kwenye upepo na kuzunguka kwa nyuma. Demani huachiwa, tanga zima huruka mbele ya mlingoti, foromali husimamishwa wima, demani hupitishwa mbele na kuletwa upande wa pili, na henza huhamishwa joshini mpya. Katika jahazi kazi hiyo hugawanywa na watu wengi. Mtu mmoja hana wa kumwachia kana. Basi mwenye akili hufanya moja ya mambo mawili. Ikiwa safari ya ubavu mpya ni fupi, huiacha foromali ilipo, tanga likauegemea mlingoti, akakubali kupunguza mwendo kidogo. Ikiwa ni ndefu, huenda nyuma ya kisiwa au mwamba uvunjao mawimbi, akalitua tanga lote, akahamisha foromali kwa utulivu, akatweka upya. Vijana humcheka kwa kuchelewa. Wazee hawamcheki, maana wanawajua waliofanya haraka.

Haya ndiyo maarifa ya mtu mdogo wa pwani. Sasa tuone yalivyopanda bara.

Katika karne ya 19 misafara ya Unguja na Bagamoyo ilikwenda Tabora, na kutoka Tabora ikafika Ujiji, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Ziwa hili ni la pili kwa kina duniani, lenye milima pande zake zote, na pepo hushuka kutoka milimani bila kubisha hodi. Watu wa pwani walipofika hapo hawakusahau walichokijua. Waingereza Burton na Speke walipoingia Ujiji mwezi wa Februari 1858, walisikia kuwa lipo tayari jahazi ziwani, mali ya Sheikh Hamed bin Sulayyim, aliyekaa kisiwani Kasenge karibu na ukingo wa magharibi. Speke alivuka kwa mtumbwi mwezi wa Machi kwenda kuliomba, akarudi bila ya chombo. Hebu fikiri, ndugu msomaji: tanga, foromali na henza vilikuwa vimekwisha kufanya kazi katika maji matamu, mamia ya maili kutoka baharini, kabla ya Mzungu yeyote kuliandika ziwa hilo katika ramani kwa kuliona kwa macho yake.

Katika ziwa Viktoria mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro alikuwa akiunda majahazi huko Ukerewe katika miaka ya 1870. Ugomvi wake na mtawala wa Ukerewe, Lukonge, ulimwua yeye pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, mwezi wa Desemba 1877. Songoro alikufa, lakini ufundi ulibaki. Mpaka leo tanga la pembe huonekana katika ziwa hilo juu ya mitumbwi ya wavuvi ambao babu zao hawakupata kuiona bahari ya chumvi.

Hapa, ndugu zangu, sina budi kusema jambo ambalo katika vijitabu vya sherehe hupitwa kwa haraka. Vyombo hivyo havikubeba chumvi, nguo na dagaa peke yake. Vilibeba pembe za ndovu, na vilibeba watu. Kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika walivushwa wanaume, wanawake na watoto waliofungwa, wakapelekwa Ujiji, na kutoka hapo wakatembezwa mpaka pwani. Wengi wa waliofanya biashara hiyo walikuwa na majina kama yetu na walielekea kibla tunachoelekea. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa sahihi chini ya kutishwa na Waingereza, na biashara yenyewe iliendelea kwa siri na kwa dhahiri kwa miaka kadhaa baadaye. Tukijivunia tanga lililofika ziwani na kunyamazia waliolala ngamani mwake, tumefunga demani fundo: tumejistarehesha mkono, na tumejiweka katika hatari. Watoto wetu watayasikia haya kwa watu wengine, kisha watatuuliza kwa nini tulificha. Ni afadhali wayasikie kwetu.

Rwanda yenyewe haikufunguliwa na misafara hiyo. Ufalme ulikuwa na nguvu, na katika siku za Mwami Kigeli Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, wafanyabiashara wa pwani walizuiwa kuingia na kukaa. Kwa sababu hiyo Uislamu haukuja kwetu juu ya mabega ya wenye misafara mikubwa kama ulivyofika Ujiji. Ulikuja baadaye, na kwa watu wa hali ya chini zaidi. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingia nchini mwaka 1894. Mwaka 1907 Richard Kandt aliweka kituo chake Kigali. Na pamoja na utawala huo wakaja askari, makarani, watumishi na wachuuzi kutoka pwani na kutoka Tabora, Ujiji na Bukoba, wengi wao Waislamu, wote wakisema Kiswahili. Mwaka 1913 ulijengwa msikiti wa Al-Fatah, ambao huhesabiwa kuwa wa kwanza nchini.

Tufikiri kidogo njia waliyopita. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914 tu. Waliotangulia walikuja kwa miguu, au kwa kuvuka ziwa. Mwaka 1915 Wajerumani walishusha katika ziwa Tanganyika meli ya mvuke iliyopewa jina la yule yule Graf von Götzen. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe isitekwe vitani. Mwaka 1924 ikainuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli hiyo ya chuma ilikuja ikakuta majahazi yakifanya kazi. Haikuanza usafiri wa ziwa.

Waliofika Kigali hawakuwa kundi kubwa lenye kuvuta henza kwa wimbo mmoja. Walikuwa mmoja hapa na wawili pale, katika nchi ambayo hawakuijua lugha yake wala desturi zake. Baada ya Wabelgiji kushika nchi mwaka 1916, Waislamu wa mji walitengewa mtaa wa Biryogo, wakaitwa Waswahili, hata yule aliyezaliwa hapa na mama wa hapa. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo, na baba Mwislamu aliyetaka mwanawe asome alijikuta mbele ya mlango mgumu. Wengi hawakuingia. Walichoweza kushika ni biashara ndogo, ufundi, na usukani wa lori. Ndiyo maana kwa miaka mingi katika nchi hii, ukisema dereva au mchuuzi, watu walimfikiria Mwislamu. Neno lililotoka nyuma ya jahazi likawa riziki ya mtu wa mlimani. Wala sioni haya kwa jambo hilo, ingawa haifai kusahau kwamba lilitokana na mlango uliofungwa.

Kidogo kidogo mikono iliongezeka chomboni. Nchi ilipata uhuru mwaka 1962, na mwaka 1964 Waislamu wakapata jumuiya yao ya taifa, AMUR. Mwaka 2007 Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya nchi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lugha iliyokuwa alama ya mtaa mmoja imeingia katika shule na katika ofisi za serikali. Kijana wa Kimisagara anaijifunza leo kwa kitabu, ilhali babu yake aliisema na akadharauliwa kwa kuisema. Basi wale wenye lugha hii majumbani mwao wasiiache iwe ya mtihani tu. Ana heri kijana awezaye kumwuliza babu maana ya neno kabla hajamwuliza mwalimu.

Huko pwani tanga halijafa. Lamu, katika siku za Maulidi, watu bado hushindana kwa majahazi, na wakubwa na wadogo hujaa ukingoni kutazama. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, likiitwa Flipflopi. Mwezi wa Februari 2019 likafika Unguja, na mwaka 2021 likasafiri katika ziwa Viktoria. Mara hii hapakuwa na pembe wala mfungwa ndani yake. Lakini vyombo vingi vya pwani vimetiwa mashine, na katika kila kijiji wanaojua kulipindua tanga peke yao ni wachache kuliko walivyokuwa. Akifa mmoja wao, mashine haiwezi kumwuliza alichojua.

Nimeyaandika haya kwa sababu tunaadhimisha jumuiya yetu, na siku ya kuadhimisha watu hupenda kuwataja manahodha. Tuwataje, wanastahili. Lakini wahenga walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tukirudi ngamani tutamkuta mvuvi ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote, aliyekaa peke yake na kana chini ya kwapa. Tutamkuta mpagazi aliyebeba mzigo wa mwingine mpaka Ujiji, na mfungwa aliyevushwa bila kutaka. Na tutamkuta yule mtu wa kwanza aliyefika Kigali bila jamaa, akatandika mkeka, akatafuta upande wa kibla, akasali peke yake. Wote hao ni wa nyumba yetu, na dua zetu za siku hii ziwafikie wote.

Ewe kijana utakayeshika usukani kesho asubuhi pale Nyabugogo, ujue kuwa umeshika kitu cha zamani. Endesha salama, urudi salama. Na ukifika nyumbani, kaa karibu na mzee mmoja, umwulize wazazi wake walipita njia gani. Muulize mapema.

Wassalaam.